Walker si ukoo mmoja, na babu yao hakuwa msafiri

Mkuu, umeuliza kama Walker unayefanya naye kazi Sheffield na akina Walker wa Marekani ni ukoo mmoja, na kama jina lao lilitokana na babu aliyependa kutembea. Mimi nimeolewa na Walker, tunaishi West Yorkshire, na nimeufuatilia ukoo wa mume wangu kwa ajili ya wanangu.

Babu aliyeitwa Walker alikuwa mkanyaga vitambaa. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea na kina mafuta ya kondoo. Kilitumbukizwa kwenye maji yenye mkojo uliochacha au udongo wa kunyonya mafuta, watu wakaingia na kukikanyaga kwa miguu mpaka kikatakata, kikasinyaa, nyuzi zikashikana. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuipokea kazi hiyo, ila fundi aliendelea kuitwa vilevile.

Utamu uko hapa: fundi huyo mmoja aliitwa majina matatu, kutegemea alikoishi. Yorkshire, Lancashire na kupanda hadi Uskoti ni Walker. Sussex, Kent na Norfolk ni Fuller. Devon, Somerset na Cornwall ni Tucker. Mjini Exeter, huko Devon, chama cha mafundi wa nguo kilijenga ukumbi wake mwaka 1471, na hadi leo unaitwa Tuckers Hall. Ndugu wawili Edward na Samuel Fuller, waliopanda meli ya Mayflower kwenda Amerika mwaka 1620, walitoka Redenhall, Norfolk. Ungeambiwa jina lao tu, ungeanza kuwatafuta upande huohuo.

Sasa ukoo. Kwetu Uchagani ukisikia Massawe au Lyimo, umeshajua pa kuanzia kuuliza. Kwa Walker huwezi. Kila bonde lenye mto na kondoo lilihitaji mkanyaga vitambaa, kwa hiyo jina lilizuka sehemu nyingi kwa watu wasiojuana kabisa, na lilipoanza kurithiwa, kwenye karne ya 13 na 14 hivi, kila mmoja akawa chanzo cha ukoo wake. Linganisha na Sutcliffe, jina lililotokana na mahali karibu na Halifax. Sutcliffe wawili wa bonde la Calder wakikutana, uwezekano wa kuwa na babu mmoja ni mkubwa.

Kwa Marekani kuna jambo la kuheshimu sana. Weusi wengi wenye majina ya Kiingereza ni wajukuu wa watumwa, na jina linaweza kuwa la mmiliki au walilolichagua wenyewe baada ya uhuru. Madam C. J. Walker, yule tajiri wa dawa za nywele, alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove. Walker alilipata kwa mumewe. Usiunganishe damu kwa kutazama jina.

Ukitaka kumsaidia mwenzako, anza na sensa ya Uingereza ya 1881, ambayo inatafutika kwa jina na inaonyesha kila mtu alizaliwa wapi. Toka hapo rudi kwenye vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo, vilivyoanza Julai 1837. Nyuma ya hapo ni vitabu vya kanisa, vilivyoamriwa mwaka 1538, ingawa parokia nyingi zimebakiwa na vya baadaye tu. Na hapo ndipo Walker wanapochosha! Parokia ya kina mume wangu ina akina John Walker kadhaa waliobatizwa miaka inayokaribiana. Walionitoa hapo ni makarani wa baada ya 1813, kwa sababu tangu mwaka huo fomu za ubatizo zina nafasi ya kuandika kazi ya baba na kitongoji anachoishi. Kwa hiyo muulize mwenzako kijiji cha babu zake na kazi waliyofanya, hata kama anakumbuka nusunusu, kisha uniandikie hapa nikusaidie kusoma hizo kumbukumbu.