Dumu la asali la lita 5 kwenda Ujerumani? Pima kwanza, mkuu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Uko Nzega, dada yako yuko Ujerumani na watoto wake wawili, na mama ameshaandaa mzigo wa Krismasi: dumu la asali la lita 5, kopo la samli, dagaa wa Kigoma kilo mbili na kanga doti mbili. Umeenda kuulizia nauli ya kifurushi, ukatajiwa bei inayozidi thamani ya vitu vyote mara mbili, ukaondoka hata bila kuaga. Sasa unataka kujua kama kuna njia ya nafuu.

Ipo, ila inabidi tuanze na hilo dumu.

Mimi niko Tabora mjini, na mdogo wangu wa kike ni nesi huko huko Ujerumani. Tangu 2020 namtumia zawadi kila mwisho wa mwaka, na ada ya ujinga nimeilipa yote, kwa hiyo nitakueleza nilikoangukia ili usipite hapo.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama mama yako. Nilichukua asali ya Sikonge lita 5, nikaamini ni kilo 5, maana kichwani lita moja ni kilo moja. Hiyo ni ya maji. Asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo moja na nusu pungufu kidogo, yaani kama kilo 1.4. Dumu lilipokaa kwenye mizani likasoma kilo 7 na ushee. Dada wa kaunta akaniangalia, nikamwangalia. Nauli ya kwenda ng'ambo hupanda kwa uzito, na zile kilo mbili ambazo sikuzitegemea ndizo zilizonimaliza. Nikalipa, kwa sababu mama alikuwa amesimama pembeni yangu na ameshamwambia mjukuu kwenye simu kwamba asali inakuja.

Kumbe hata nauli haikuwa tatizo kubwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamruhusu mtu binafsi kupokea asali isiyozidi kilo 2 kwenye kifurushi cha kutoka nje ya Ulaya. Kilo 2 ni kama lita moja na nusu pungufu kidogo. Mimi nimepeleka kilo 7. Mdogo wangu akapata barua ya forodha, akaomba ruhusa kazini, akasafiri hadi ofisi yao, akafunguliwa boksi mbele yake. Dumu halikutoka mle ndani. Ukizingatia nauli niliyolipa, na siku ya kazi aliyoipoteza, ile asali ni ghali kuliko yoyote iliyowahi kutoka Sikonge, na hakuna aliyeilamba.

Samli yako nayo, naomba uiache kabatini. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kabisa kuingia Ulaya kwa kifurushi cha mtu binafsi, iwe kidogo iwe kingi. Samli ni maziwa. Najua samli ya kwenu Nzega ilivyo, na najua mama atakasirika, lakini itaishia kwenye pipa la taka la watu. Usijaribu kuiandika "mafuta ya nywele" kama jamaa mmoja alivyonishauri. Wakifungua na kunusa, boksi zima linatiliwa shaka. Embe nazo, kabla hujaniuliza: tunda bichi kama embe linatakiwa cheti cha afya ya mimea, na kwa embe kumi za zawadi hiyo safari ya kutafuta cheti haina maana.

Dagaa ni habari tofauti, na hapa nina raha ya kukueleza kwa sababu wengi hudhani dagaa ndio watakaozuiliwa kwa harufu. Samaki wanaruhusiwa, tena kwa ukarimu, hadi kilo 20. Balaa la dagaa ni ukubwa wa boksi. Kampuni za vifurushi vya ndege hazipimi kilo tu. Wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, halafu wanalinganisha jibu na kilo za mizani. Kilicho kikubwa ndicho unacholipia. Mwaka wa pili niliagiza dagaa kilo mbili kutoka Kigoma, wakaja na treni, wazuri, wa Ziwa Tanganyika (wale wa Mwanza siwasemi vibaya, ila kila mtu ana ulimi wake). Nikawamwaga kwenye boksi la 40 kwa 30 kwa 30. Piga hesabu: 36,000 gawa kwa 5000, unapata 7.2. Nimebeba kilo mbili za dagaa, natozwa kilo saba na ushee. Nililipia hewa.

Nikarudi nao nyumbani. Jioni hiyo tukakaa barazani mimi na mama watoto, tukatoa vichwa na matumbo, tukawapanga vizuri kwa kuwakandamiza. Wakaingia kwenye boksi la 30 kwa 20 kwa 20. Hiyo ni 12,000, gawa kwa 5000 ni 2.4. Dagaa ni wale wale, pungufu ya vichwa tu, ambavyo Ulaya hakuna kuku wa kuvila. Kwa hiyo kabla hujaenda kaunta, chukua futi ya fundi nguo, pima boksi lako pande zote tatu, piga hesabu kwenye simu. Ukishajua namba yako hakuna atakayekushangaza.

Harufu ipo, siwezi kudanganya. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 kufungia kumekuwa na usumbufu kidogo, mimi natumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, nazungushia selotepu, kisha gazeti, kisha ndio boksi. Kopo linaongeza uzito, lakini afadhali hivyo kuliko kanga za dada yako kunuka soko la dagaa la Kibirizi kule Kigoma.

Sasa njia ya nafuu niliyokuahidi. Posta, mkuu. Watu wakisikia posta siku hizi wanafikiria EMS peke yake, na EMS ni ya haraka kwa hiyo ina bei yake. Ila kuna kitu kinaitwa pakiti ndogo, ambayo huenda kwa njia ya barua na wala sio kifurushi. Kikomo chake ni kilo 2. Upande mrefu usizidi sentimita 60, na ukijumlisha urefu, upana na kimo visizidi sentimita 90. Inakwenda taratibu, lakini kwangu imekuwa ikitoka kwa bei ambayo haiumizi. Lipia na rejista ili upewe namba ya kufuatilia. Ukiituma bila rejista umeitupa mtoni na kuiombea dua. Mwaka juzi nilituma pakiti mbili kwa wiki mbili tofauti, zote zikafika.

Lakini pakiti ya kilo 2 inakulazimisha uchague, na hapo ndipo mzozo wetu na mama ulipoanzia. Yeye anaona zawadi ni wingi. Kumtumia mtoto wake kichupa cha asali ni kumtangaza kuwa nyumbani kuna njaa. Nilichofanya ni kumwekea mizani ya jikoni mezani, nikamwambia mama, hizi ni kilo zako mbili, jaza unachotaka. Alikaa karibu saa nzima. Doti moja ya kanga haifiki nusu kilo, akaweka mbili. Matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, akaweka kama robo kilo, yale yaliyochemshwa kwanza ndipo yakakaushwa, sio michembe, maana mjukuu meno yalikuwa yanang'oka. Asali akabaki na nafasi ya chupa moja ndogo. Akafikiri, kisha akaondoa asali ya kawaida akaweka ya nyuki wadogo. Hiyo ndiyo akili, chupa ndogo lakini kila mwenyeji wa Tabora anajua thamani yake.

Ila asali ya nyuki wadogo ina tabia yake, nisikufiche. Ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, inachacha upesi, na ikichacha inatoa gesi. Chupa niliyoijaza hadi shingoni ilisukuma mfuniko njiani. Mdogo wangu alipokea kanga zinazonata. Tangu hapo naacha nafasi ya vidole viwili juu, nafunga mfuniko kwa selotepu, naviringisha chupa kwa kitambaa na kuiweka ndani ya kopo lingine. Ulizia pia kaunta kama wanapokea vitu vya majimaji kabla hujafunga boksi, maana si kila kampuni inakubali. Na ile ya nyuki wakubwa, mwambie dada yako mapema kwamba kwenye baridi itaganda chembechembe. Wa kwangu alinipigia akilalamika kwamba tumeuziwa sukari. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi.

Fomu ya forodha usiijaze kwa haraka huku watu wamepanga foleni nyuma yako. Kwa pakiti ndogo ni kile kikaratasi cha CN22, kwa kifurushi kikubwa ni CN23. Weka alama kwenye zawadi, taja kila kitu kwa jina, uzito na thamani yake. Ukiandika "zawadi mbalimbali" umewaita wafungue. Kwa Ujerumani na Umoja wa Ulaya mzima, zawadi ya mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi haitozwi kodi ikiwa thamani yake haizidi euro 45. Walio na ndugu Uingereza, kikomo ni pauni 39, Kanada dola 60 za kwao, Marekani dola 100. Kahawa pia ina kikomo chake Ujerumani, gramu 500 kwa zawadi, nawaambia hasa ninyi wa Kigoma mnaopenda kujaza kahawa ya Buhigwe kwenye mabegi. Andika thamani ya kweli. Mizigo ya kilo 2 ya kanga na matobolwa ni nadra kufika euro 45, kwa hiyo uongo hauna faida yoyote, na mzigo ukipotea utalipwa, kama utalipwa, kwa thamani uliyoandika mwenyewe.

Kuna njia moja inayoshinda zote, nayo ni msafiri. Mtu anayepanda ndege kwenda nchi za Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuingia na bidhaa zake na zawadi hadi euro 430, karibu mara kumi ya kifurushi. Mizigo mingi ya ndege ni begi la kilo 23, na kila msafiri ana kilo mbili tatu za kusaidia akiombwa kwa adabu. Hapa Tabora wenye ndugu Muscat wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi za babu zao, sisi tunajifanya tumegundua jambo jipya. Masharti ya asali na samli ni yale yale hata begini. Mzigo peleka wazi, usifunge. Mwache aone kila kitu, apange mwenyewe, maana uwanjani ataulizwa kama begi amelifunga mwenyewe, na hakuna anayetaka kujibu swali hilo kwa kubabaika kwa sababu ya dagaa wako. Mimi msafiri wangu yuko Dar, kwa hiyo nampelekea kwa basi kutoka hapa, halafu akifika huko anaweka posta ya ndani ya Ujerumani kwa euro chache. Hela hiyo ya posta nampa mkononi kabla hajasafiri. Usimfanye mtu akubebee halafu alipie pia.

Wapo watakaokuambia achana na haya yote, mtumie hela anunue huko. Kwa watoto, sawa, viatu na midoli vipo huko vya kutosha na mtoto hajali vimetoka wapi. Nilijaribu mwaka mmoja. Mdogo wangu alishukuru, kisha akauliza taratibu kama matobolwa yameisha huku.

Ningekuwa wewe, wiki hii ningefanya hivi: asali ya mama kilo moja kwenye kopo, dagaa kidogo waliotolewa vichwa kama nafasi ipo, kanga hizo doti mbili kwenye pakiti ya pili, zote posta kwa rejista. Samli mle wenyewe. Tuma sasa hivi na usingoje Desemba, pakiti yangu ya kwanza ya posta niliituma tarehe 10 Desemba na watoto waliifungua mwishoni mwa Januari.

Ukishapima, rudi uniambie boksi limesoma ngapi. Kama bado linazidi kilo 2, nadhani najua mama ameficha nini ndani.