Lenzi si tatizo lako: kwa anayekwenda kupiga picha na mcheza dansi Bagamoyo

Usiende Bagamoyo Jumamosi kabla hamjaandikiana. Umeuliza lenzi inayofaa kwa mwanga wa alfajiri ufukweni, kama flashi inahitajika, na namna ya kumwelekeza mcheza dansi asigande mbele ya kamera, lakini mimi nimenaswa na maneno uliyoyapitisha kama jambo dogo, kwamba mmekubaliana kwa mdomo kugawana nusu kwa nusu. Nusu ya nini? Ya fedha, ya picha, ya jina, au ya kesi?

Mwaka 2018 nilikuwa na makubaliano ya aina hiyo hiyo. Kwa miezi minane nilifanya kazi na mcheza dansi aliyejipaka udongo mweupe mwili mzima, akajilaza kwenye matope maji yakiwa yamekupwa, na kusubiri bahari impande hadi kifuani. Onyesho lile alilitunga akimwomboleza mama yake. Wazo na miondoko vilikuwa vyake. Mimi nilichagua pembe na mwanga, nikasimama majini na begi la kamera kichwani kama mchuuzi wa samaki. Picha tulizichagua pamoja, nami nilifuta kila aliyoikataa, na tulielewana kiasi kwamba kutaja karatasi kungeonekana matusi. Isitoshe, mpigapicha mmoja mkongwe niliyemheshimu kama mwalimu alikuwa amenihakikishia kwamba anayebonyeza kitufe ndiye mwenye picha, na kwamba wasanii wanaoandikiana mikataba hawaaminiani. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mzee huyo alikuwa akipiga picha za harusi tu, na hakuwahi kuinua kamera kabla bwana arusi hajalipa.

Hoteli moja ikataka picha 12 kwa shilingi milioni 6, ikanitangulizia milioni 3. Nilimpigia mwenzangu simu kumpa habari njema, naye akafahamu kwamba ni picha za kutundikwa ukutani. Hata mimi nilifahamu hivyo, kwa kuwa sikuuliza. Baada ya miezi mitatu, mwili wake uliojaa udongo wa msiba ulikuwa kwenye bango la barabarani, ukitangaza huduma ya kusinga.

Wakili wake aliandika barua, hoteli ikaliondoa bango na kudai fedha zake, nami fedha hizo nilikwishazinunulia lenzi. Nikaiuza. Picha zipatazo elfu nne zimelala kwenye diski hadi leo, kwa sababu yeye hana nakala na mimi sina uso wa kumwomba ruhusa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigapicha kwa upande wake na msanii mtendaji, kama mcheza dansi, kwa upande wake, ndiyo maana kila mmoja wetu alitoka kwa wakili wake akiamini kwamba haki iko kwake. Wala hatukuwa wa kwanza: mwaka 1994 mjini Beijing, msanii wa maonyesho Zhang Huan alijipaka asali na mafuta ya samaki akakaa kwenye choo cha umma huku nzi wakimjaa, mpigapicha Rong Rong akampiga picha, na baadaye ukazuka mvutano kuhusu nani aitwe mwenye picha zile. Sisi angalau hatukuwa na nzi.

Kwa hiyo kamera isitoke kwenye begi kabla nyote wawili hamjatia saini, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni hakimiliki ni ya nani, nani anaruhusiwa kuuza na kwa idhini ya nani, majina yenu yatatajwaje, na picha alizozikataa zitafutwa lini. Matangazo ya biashara yawekeeni kifungu chake peke yake, mkieleza kwamba kuruhusu maonyesho si kuruhusu bango. Akisita kutia saini, ahirisha safari, kwani bahari itakupwa tena.

Kuhusu lenzi, ile yangu ya milimita 85 ilikuwa nzuri mno kwa alfajiri. Aliyeinunua bado ananitumia picha za kunishukuru.