Jibu kwa aliyekwama sehemu ya 12: riwaya ya mapenzi na majini huku umeajiriwa

Mkuu, umeeleza kwamba unafanya kazi ya ofisini Posta, unaishi Mbezi, na unaandika riwaya ya mapenzi kati ya binti wa Kariakoo na jini wa baharini. Ulikuwa unairusha kila siku kwenye kundi la WhatsApp. Umefika sehemu ya 12, huna ya 13, wasomaji wana arosto na wanakudai, na ofisini mnafunga hesabu za mwezi. Umeuliza uache kazi au uache hadithi.

Usiache hata kimoja. Kilichokukwamisha ni kuahidi kabla ya kuweka akiba. Anayeishi kwa kalamu akishindwa leo, kesho asubuhi anarudi mezani. Wewe kesho asubuhi uko kwenye foleni ya mwendokasi. Kwa mtu aliyeajiriwa, akiba ya sehemu zilizokamilika ndiyo inayomrushia hadithi siku bosi anapomtaka abaki hadi saa mbili usiku.

Leo hii tuma ujumbe mmoja kwenye kundi: msimu wa kwanza umeishia sehemu ya 12, msimu wa pili unaanza tarehe fulani. Weka tarehe iliyo wiki nane mbele na uitaje kabisa, kwa sababu "hivi karibuni" ndiyo inayowakimbiza watu. Radhi iombe mara moja, inatosha. Katika wiki hizo nane usirushe hata kipande cha kuonjesha.

Sasa hesabu. Sehemu inayosomeka vizuri kwenye simu ina maneno 1,200 hadi 1,500, tuchukue 1,400. Sehemu 40 ni maneno 56,000, na hiyo ni riwaya kamili. Usijipime kwa maneno 90,000 ya riwaya za Kiingereza. "Nitakupenda" kwetu ni neno moja, kwao ni manne. Umebakiza sehemu 28, yaani maneno 39,200. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 2,500 kwa wiki, kwa hiyo utamaliza baada ya wiki 16. Ndani ya wiki nane za ukimya utakuwa na sehemu 14 ghalani. Ukianza kurusha sehemu mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, zile 28 zitachukua wiki 14. Maana yake wewe utamaliza kuandika wiki sita kabla wasomaji hawajamaliza kusoma, na wiki hizo sita ndizo zitakazomeza magonjwa, misiba, na mwisho wa mwezi. Kurusha kila siku kungekudai maneno 9,800 kwa wiki. Mwenye ajira hawezi kuyatoa kwa wiki nne mfululizo bila hadithi kuoza.

Kalenda nayo iwe ya Dar. Masika, Machi hadi Mei, Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa na safari ya kutoka mjini kwenda Mbezi haina tena muda unaojulikana. Wiki hizo ziandikie sifuri tangu mwanzo. Kama ofisi yako inafuata mwaka wa fedha wa serikali, wiki mbili za mwisho za Juni nazo ziwe sifuri. Kwa wanaofunga, baada ya daku ni muda mzuri kuliko wowote: umeshaamka, umeshakula, na nyumba imetulia.

Saa ya kuandika iwe alfajiri. Usiku unarudi umechoka na umeme unaweza kukatika na kompyuta haina chaji. Njia mbili zinafanya kazi kwa mtu wa Mbezi. Ya kwanza ni kuamka saa kumi na kuandika dakika 45 kabla ya maandalizi. Ya pili, ambayo naipendelea, ni kupanda basi la mapema kabla watu hawajafurika, ufike Posta saa kumi na mbili na nusu, uandike hadi saa moja na nusu. Unapata kiti, unaikwepa foleni, na akili bado haijaguswa na barua pepe za kazi. Muda wa ndani ya basi usiuhesabu kama muda wa kuandika. Mkono mmoja umeshika bomba, na simu ukiitoa karibu na dirisha la daladala utaporwa. Basi ni mahali pa kujibu swali moja tu kichwani: katika tukio la kesho, nani anataka nini na nani anamzuia? Ukishuka, jirekodi kwa sauti dakika mbili. Kibodi ya Google ina kuandika kwa sauti kwa Kiswahili; tafuta sehemu tulivu, na alama za uandishi kazirekebishe baadaye. Na uzime usahihishaji wa Kiingereza kwenye simu, la sivyo "wewe" itageuzwa "were" na hutaiona mpaka msomaji akuoneshe.

Likizo ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku 28, usiimalize kwenye kuandika. Tenga siku saba za kuhariri. Kuandika kunakubali kukatwa vipande vya nusu saa. Kuhariri kunadai ukishike kitabu kizima kichwani kwa siku kadhaa mfululizo.

Hapo ndipo fantasia inapomwadhibu mwandishi wa vipande vipande. Sehemu ya 4 jini hawezi kuvuka kizingiti chenye moshi wa ubani, sehemu ya 19 yuko sebuleni na chetezo kinafuka. Hukukusudia, ni kwamba kati ya sehemu hizo zimepita wiki saba na mafaili mia ya ofisi. Kwa hiyo nunua daftari dogo la kaunta, uandike masharti kabla ya sehemu nyingine yoyote. Jini wako anaweza nini, hawezi nini, na kila akitumia nguvu zake analipa nini? La tatu ndilo linaloibeba riwaya ya mapenzi. Kama uwezo wake hauna gharama, kila tatizo la wapenzi litatatuliwa kwa kupiga kofi hewani na hadithi itaishia sehemu ya 6. Mpe gharama inayogusa penzi lenyewe: kila akimwokoa binti, anasahau siku moja waliyokaa pamoja. Andika pia tarehe za mwezi mwandamo, bamvua na maji mafu, maana jini wa baharini anayetoka Kigamboni wakati maji yamekupwa hatembei kama anayetoka yamejaa. Masharti kumi yanatosha. Yabandike juu ya meza.

Maneno ya uganga yabuni mwenyewe. Ukichukua aya za Kurani au maneno ya Biblia ukayafanya hirizi, utawaumiza wasomaji wako, na watakuwa na haki.

Kuna jambo la lugha ambalo waandishi wengi wa mapenzi hawaliangalii mapema. Kiambishi chetu cha "a-" hakitofautishi mwanamume na mwanamke. "Alimshika mkono, akamtazama, akatabasamu." Nani? Kwenye ugomvi wa mpira si neno, lakini kwenye tukio la mapenzi msomaji akipotea hapo, hisia imekwisha. Tuseme jini wako anaitwa Marjani na binti ni Zuhura. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila mtendaji anapobadilika, jina lirudi: "Marjani alimshika mkono. Zuhura akamtazama." Au tumia kauli ya kutendwa, "Zuhura alishikwa mkono," ili mwenye hisia abaki mbele. Au mpe kila mmoja wito wake, "binti" na "mgeni", ubadilishane na majina. Usiwape wapenzi majina yanayoanza kwa herufi ileile. Anayesoma kwenye simu ndani ya basi husoma herufi ya kwanza na kuruka.

Na kuna zawadi ambayo Kiswahili kimekupa bure. Neno "jini" unaweza kulipatanisha kwa namna mbili: "jini lile lilisimama mlangoni" na "jini yule alisimama mlangoni". La kwanza linatisha, la pili ni kiumbe mwenye nafsi. Anza na "lile". Pale Zuhura anapoacha kumwogopa, tuseme sehemu ya 9, geuza iwe "yule", na usirudi nyuma isipokuwa siku ya ugomvi mkubwa. Msomaji atahisi kitu bila kujua amehisi kwa nini. Mwambie mhariri mapema kwamba umekusudia, vinginevyo ataisanifisha yote iwe namna moja.

Muundo kwa sehemu 40, ambao zile 12 ulizokwisha kurusha utazilinganisha nao wakati wa kuhariri: wakutane kabla ya sehemu ya 3, gharama ya kwanza ya uchawi ionekane sehemu ya 5, ukaribu wa kweli sehemu ya 12 hadi 14, waachane sehemu ya 30, warudiane sehemu ya 38. Na lazima warudiane. Aliyekulipia riwaya ya mapenzi ukimzika shujaa mwishoni hatanunua ya pili. Matukio ya chumbani funga mlango mapema: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni, na kundi lako huenda lina watoto wanaotumia simu za mama zao.

Kuhusu mwajiri. Soma mkataba wako, utafute kipengele cha kazi za nje na cha hakimiliki. Kazi iliyoandikwa ndani ya majukumu ya ajira inaweza kuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo usitoe nafasi ya ubishi: kompyuta yako, barua pepe yako, bando lako, na muda usio wa kazi. Jina la kalamu linaruhusiwa na linasaidia. Hakimiliki unayo tangu unapoandika, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Mswada uhifadhi sehemu tatu: kompyuta, wingu la mtandaoni, na flashi inayokaa nyumbani.

Kuuza. Sehemu 15 za kwanza bure, 25 zilizobaki ziwe kifurushi kimoja. Usiuze sehemu moja moja. Utashinda unajibu ujumbe wa shilingi mia mbili wakati wa kikao. Tumia Lipa Namba yenye jina lako la biashara, na muamala uuthibitishe kwenye salio au taarifa yako mwenyewe, kamwe usiamini picha ya ujumbe aliyokutumia mnunuzi, kwa sababu kughushi ujumbe wa malipo ni rahisi. Tenga nusu saa moja kwa siku ya kuhudumia wateja, baada ya kazi, na uitangaze.

PDF itasambazwa. Hilo halizuiliki, ila hupunguzwa: weka chini ya kila ukurasa jina la mnunuzi na tarakimu tatu za mwisho za simu yake. Watu huona aibu kusambaza kilichoandikwa jina lao. Zaidi ya hapo usiutumie usiku wako kufukuzana na wasambazaji; usiku huo ni usingizi unaokupa maneno 500 ya alfajiri.

Ukifika kuchapa, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina yake. Nakala 50 hadi 100 chapa kwa dijitali. Ofseti anza kuifikiria kuanzia 500, kwa kuwa gharama ya pleti, yaani bamba la kuchapia, ni ileile uchape mia au elfu. Ukubwa A5, herufi pointi 11, karatasi gramu 80 ndani, jalada gramu 250 au 300 lenye lamineshini. Maneno 56,000 yatakupa kurasa kama 200; kwa ofseti punguza au ongeza zifike 192 au 208, zigawanyike kwa 16. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo kurasa 200 ni karatasi 100, na mgongo ni milimita 10. Faili la jalada zima basi lina upana wa 148 + 10 + 148 na urefu wa 210, ongeza milimita 3 za kukatia kila upande: 312 kwa 216. Kabla ya kuchapa, omba kitabu kitupu kilichogundishwa upime mgongo kwa rula, kwani karatasi za madukani hazilingani unene.

Majalada ya majini huharibikia kwenye rangi. Bluu ya usiku na zambarau zinazowaka kwenye RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, hufifia zikigeuzwa CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapia, na uso wa jini gizani unatoka kama doa. Geuza rangi mapema, ongeza mwanga usoni, kisha toa nakala moja ya jalada kwenye mashine ileile itakayochapa. Jina la kitabu lisomeke picha ikiwa ndogo kama ukucha, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyoonekana kwenye WhatsApp.

Ndani ya kitabu zima ukataji wa maneno wa kujiendesha, maana programu nyingi hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza na utakuta "ng'" imeachwa mwisho wa mstari. Panga mistari kushoto tu kama nafasi kati ya maneno zinakuwa mapengo.

Nakala za mikoani zipeleke Stendi ya Magufuli Jumamosi asubuhi, zote kwa mkupuo mmoja, zimefungwa nailoni ndani ya bahasha ya kaki, namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili. Kwako Mbezi ni karibu, na Jumamosi hiyo hiyo mchana unaweza kukaa uanze riwaya inayofuata.