Maswali na Majibu: Uhamie Wapi Mji Unapopanuka?

Mtaa gani ni mzuri kuhamia?

Swali hili huja kila mara, na huja hivyo hivyo, kavu. Kazi yako iko upande gani wa mji? Una watoto? Unapanga au unanunua? Bila hayo hakuna wa kukujibu ila dalali.

Nyumba ya pembezoni ni nafuu kwa theluthi nzima. Nitatumia saa moja na nusu kwenda kazini na nyingine kama hiyo kurudi. Si bado nimefaidi?

Hujafaidi. Saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 15: karibu siku mbili za kazi zisizo na malipo. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, alieleza kwamba tangu enzi za kutembea kwa miguu watu wamekuwa wakijipanga ili safari zao za siku zisizidi sana saa moja. Wewe unajipangia mara tatu ya hapo. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey nao walichambua takwimu za Ujerumani na kuchapisha matokeo mwaka 2008: wenye safari ndefu za kazini hawakuridhika na maisha kama wengine, wala unafuu wa nyumba au ukubwa wa mshahara haukuwafidia.

Na hukuuliza hili, lakini nitalisema: mtoto akiugua shuleni saa nne asubuhi, nani atamfikia kabla ya mchana? Kama ninyi wazazi wote wawili mnafanya kazi katikati ya mji, lipateni jibu kabla ya kuangalia vyumba.

Tumeambiwa barabara itapanuliwa na kituo cha treni kinakuja. Tununue mapema kabla bei haijapanda?

Nunueni kilichopo. Barabara ya Katy huko Houston, Marekani, ilikamilika kupanuliwa mwaka 2008, ikafika njia 26 mahali penye upana mkubwa zaidi ukihesabu na zile za pembeni. Haikuchukua miaka mingi, muda wa safari za jioni ukaanza kupanda tena. Barabara pana iliwaita watu wajenge mbali zaidi, na wote wakaipitia hiyo hiyo.

Hata kituo kikijengwa kweli, ulizeni ratiba, wala msidhani mji utakifuata. Guadalajara, Hispania, ilipata kituo cha treni ya mwendo kasi mwaka 2003 nje ya mji, na mji mpya wa Valdeluz ukapangwa kandokando yake kwa ajili ya watu wapatao 30,000. Msukosuko wa uchumi ulipoingia, sehemu kubwa ya mji ule ilibaki kwenye ramani. Waliotangulia kununua walikuta maduka na huduma walizoahidiwa hazipo.

Majirani wanasema kiwanja hakijawahi kufurika. Inatosha?

Haitoshi hata kidogo, na hapa naomba mnisikilize. Katika mji unaokua, historia ya maji hubadilika kila mwaka. Kila paa jipya na kila lami mpya kule juu huzuia mvua isizame ardhini, ikateremka kwako kwa kasi. Jirani anakusimulia bonde la zamani.

Wakati mwingine hatari imeandikwa wazi na hakuna aliyeisoma. Mabwawa ya Addicks na Barker yalijengwa Houston miaka ya 1940 ili kuukinga mji na mafuriko. Serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifikia mabwawa yakijaa, na iliyobaki ikajengwa mitaa. Kimbunga Harvey kilipopiga Agosti 2017, maelfu ya nyumba ziliingiwa na maji yaliyozuiwa na mabwawa yenyewe. Wengi wa wenye nyumba hawakuwa wakijua kwamba walikuwa wakiishi ndani ya eneo la bwawa.

Kwa hiyo itafute ramani ya mafuriko, uliza maji ya mtaa wa juu yanaelekea wapi, kisha nenda ukasimame kiwanjani siku ya mvua kubwa.

Bomba halijafika, ila gari la maji huja kila wiki. Tatizo?

Ndiyo. Januari 2023 mji wa Scottsdale, Arizona, Marekani, uliacha kutoa maji kwa magari yaliyokuwa yakiyapeleka Rio Verde Foothills, nje ya mipaka yake, na mamia ya familia zikabaki kuhesabu ndoo. Ukame ukizidi, mji hujali wakazi wake kwanza.

Mtaa huu utapanda thamani?

Anayekuahidi hilo ana kitu cha kuuza.

Nipange kwanza au ninunue moja kwa moja?

Panga, upitie mvua na kiangazi, muhula wa shule na likizo.

Jana tumelipa arbuni. Tumefanya vizuri?

Swali hili lilipaswa kuja juzi. Someni kifungu cha kurudishiwa fedha leo hii. Kesho asubuhi nendeni ofisi ya ardhi na ya mipango miji mkaulize mambo matatu: hati ni ya nani, je kiwanja kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, na maji ya mvua yanapita wapi. Awamu ya pili msiilipe hadi mpate majibu yote kwa maandishi.