DVD inakwama ikikaribia mwisho: tatizo ni diski, draivu au waya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina DVD ya harusi ya dada yangu na ndugu wanataka nakala kumi. DVD yenyewe naiweka kwenye draivu ya ndani ya laptopu, diski tupu naiweka kwenye draivu ya nje ya USB, halafu naamuru programu inakili moja kwa moja. Nakala mbili za kwanza zilitoka safi. Tangu hapo kila nikijaribu inafika asilimia 90 na ushee, inakwama, halafu inatema diski. Nimeshaharibu tano. Nilipochoka nikaburuta mafaili kwa mkono hadi kwenye diski tupu. Ilikubali, na kwenye laptopu inacheza, lakini deki ya sebuleni inagoma kuisoma. Ninunue diski nyingine au draivu nyingine?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongereni kwa harusi. Kwa sasa usinunue chochote. Hapo una matatizo mawili yasiyohusiana, na hilo la deki ndilo jepesi, tulimalize kwanza.

Ulipoingiza diski tupu, Windows ilikuuliza utaitumia vipi: kama flashi, au kwa kuchezwa kwenye deki. Watu wengi hubonyeza tu kuendelea bila kusoma. Ukichagua flashi, diski inaandikwa kwa mpangilio ambao kompyuta inauelewa lakini deki nyingi hazina habari nao. Deki inataka folda ya VIDEO_TS, yaani ile yenye video zenyewe, iwe ya juu kabisa, isifichwe ndani ya folda nyingine, na inataka diski iliyofungwa, yaani ambayo kompyuta imeshaiandikia alama ya mwisho. Kwa hiyo acha kuburuta mafaili.

Sasa hiyo asilimia 90. Kinachoshindikana ni kusoma au ni kuandika? Kwa njia unayotumia huwezi kujua, maana draivu mbili zinafanya kazi kwa pamoja, na moja ikikwama inaibeba na mwenzake. Ndiyo maana mimi sinakili diski kwa diski hata siku moja. Hifadhi kwanza DVD nzima kama faili moja la ISO ndani ya laptopu. Programu ya ImgBurn inafanya hivyo bila malipo. Andaa nafasi ya GB 4.7 (Windows itakuonyesha 4.38 kwa sababu inahesabu kwa 1,024, usishtuke), na usilipeleke kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32, kwani hiyo haipokei faili linalozidi GB 4.

Usomaji ukikwama pale pale kwenye 90, basi mgonjwa ni DVD yenu ya harusi. Data huanzia karibu na tundu la katikati na kuelekea nje, kwa hiyo asilimia za mwisho ziko ukingoni, pale pale vidole vinapokamata. Igeuze chini ya taa uangalie. Ukiona alama za vidole, futa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama unayesugua sahani: mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data nyingi iliyopangana, na draivu inashindwa kuifidia. Mkwaruzo unaokata njia kwa upana inaumudu vizuri zaidi.

ISO likikamilika bila kosa, DVD ya harusi haina lawama, irudishe kwenye kasha lake. Nakala zote zilizobaki utazichoma, yaani utaziandika, kutoka kwenye faili hilo.

Ikiwa uchomaji nao utakwama, nenda kwenye spidi. Nina hakika umeiacha kwenye ya juu kabisa. Draivu nyembamba za nje nyingi huchoma hadi 8x (mara nane ya spidi ya msingi ya DVD), lakini haziianzi diski kwa spidi hiyo. Huipandisha kadiri leza inavyosogea ukingoni. Kwa hiyo pale mwishoni ndipo leza inapohitaji nguvu nyingi zaidi, na ndipo rangi inayobeba data kwenye diski za bei ya chini inapokuwa haijakaa sawasawa. Weka 4x. Diski iliyojaa itachukua kama dakika 15 badala ya 8 hivi. Washa pia uhakiki, ili programu iisome diski upya na kuilinganisha na ISO kabla hujampelekea mtu.

Kisha tazama waya, na hapa mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Nilitupa nusu ya boksi la diski nikiapa kwamba ni mbovu. Siku moja nikanyamaza nikasikiliza: draivu inazunguka vizuri, inapandisha mlio, halafu mlio unashuka ghafla kama mtu aliyeishiwa pumzi, unapanda tena, unashuka. Ilikuwa na njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na draivu ikichoma kwa nguvu huhitaji zaidi ya hizo. Waya wangu ulikuwa na vichwa viwili upande wa kompyuta, na mimi nilikuwa nachomeka kimoja, cha pili nikidhani ni cha akiba! Kama wako una viwili, chomeka vyote. Kama una kimoja, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu bila kigawanyio cha USB, na laptopu iwe kwenye chaji.

Ikigoma bado, jaribu diski chache za kampuni nyingine. Zikigoma nazo, choma CD ya kawaida. CD hutumia leza ya nanomita 780 na DVD ya 650, kwa hiyo draivu inaweza kuchoma CD bila shida huku leza yake ya DVD ikiwa imechoka. CD ikikubali na DVD zote zikakataa, hapo sasa nunua draivu.

Hiyo diski uliyoiburutia mafaili usiitupe, kwenye laptopu bado inafanya kazi. Na ukikwama tena, niandikie ujumbe wa kosa kama ulivyo, neno kwa neno, pamoja na spidi uliyoweka.