Wataka uzamili wa elimu maalum Marekani? Jibu la khalati yenu

Mtoto wa dada yangu, mwalimu huko Changamwe, ameniuliza kwa niaba yake na wenzake: khalati, mtu akitaka kuja Marekani kusomea uzamili wa elimu maalum, wanataka nini? Na ni kweli walimu wa fani hii ni haba huko, hata ukimaliza waajiriwa papo hapo? Mimi nafundisha Minnesota, katika darasa la watoto wenye usonji. Nitaanza na swali la pili, maana ndilo linalowaponza watu.

Ni kweli, walimu wa elimu maalum ni haba. Majimbo mengi yamelia hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini shule kukuhitaji ni jambo moja, na serikali kukuruhusu ufanye kazi ni jambo jingine. Mwanafunzi wa kigeni huja kwa viza ya F-1. Akimaliza masomo hupewa ruhusa ya kufanya kazi katika fani yake kwa miezi 12. Wenzetu wa hesabu na kompyuta huongezewa miezi 24 juu yake. Sisi wa ualimu kwa kawaida hatumo. Baada ya hapo mwajiri akuombee viza ya kazi ya H-1B, ambayo kwa waajiri wengi ni bahati nasibu ya kila mwaka yenye nafasi 85,000 kwa fani zote, na shule nyingi za serikali humo ndani hushindana na makampuni makubwa ya kompyuta. Septemba 2025 ikatangazwa pia ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi. Hesabuni wenyewe ni wilaya gani ya shule italipa hiyo. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, iwe ya bahati nasibu au ya ndoa, hayamhusu haya yote, na ukisikia fulani "alifika akaajiriwa" uliza kwanza alifika kwa karatasi gani.

Sasa masharti ya chuo. La kwanza ni digrii ya miaka minne. Nasema haya kwa upole kwa sababu nawajua walimu hodari wa Mombasa wenye cheti cha P1 cha ualimu wa msingi na diploma ya KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya pale Kasarani, ambao kwa kumshika mtoto mwenye mtindio wa ubongo wanawapita wengi wenye uzamili hapa. Chuo hakitaangalia hilo. Bila shahada ya kwanza hakikuingizi. Ukiwa nayo, wastani wanaoutaka mara nyingi ni 3.0 kwa kipimo chao cha 4.0, na daraja la pili la juu la Kenya kwa kawaida hukuvusha. Transkripti hupelekwa kwa shirika la kutathmini vyeti vya nje, kama WES, na chuo chenu lazima kiitume chenyewe ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri. Anza hilo mapema, maana mnazijua ofisi za masijala.

Kiingereza: alama 6.5 za mtihani wa IELTS ndicho kiwango cha kawaida, ingawa vyuo vingine huwasamehe Wakenya. GRE, mtihani wa kuingilia uzamili, siku hizi wengi wameiacha. Barua za mapendekezo mbili au tatu, na moja iwe ya mtu aliyekuona ukifundisha. Mwalimu mkuu anafaa kuliko mheshimiwa yeyote mnayemfahamu.

Halafu kuna insha ya kueleza kwa nini wataka kusoma, na hapa ndipo nyinyi mna mali msiyoijua. Wengi huandika kwamba wanawapenda watoto. Kamati husoma hilo mpaka macho yakafumba. Andika ulivyomfundisha mtoto asiyezungumza ukiwa na wengine hamsini nyuma yake, bila msaidizi, na kifaa chako ni vizibo vya soda. Kama umewahi kujitolea Likoni kwenye shule ya wasioona, au Port Reitz kwenye ile ya wenye ulemavu wa viungo, eleza ulichokifanya siku moja ya kawaida, kuanzia kengele ya asubuhi. Mambo hayo hawayasikii kila siku.

Lakini mwanangu, kuna jambo kubwa kuliko yote hayo. Digrii hutolewa na chuo, leseni ya kufundisha hutolewa na jimbo, na si kila uzamili wa elimu maalum unakupeleka kwenye leseni. Kuna programu za walimu ambao tayari wana leseni ya hapa na wanataka kupanda daraja la mshahara. Hizo hazina mazoezi ya kufundisha ya kutosha, na ukizimaliza unabaki na karatasi nzuri ukutani. Namjua Mkenya mmoja aliyelipa karo ya miaka miwili akaja kuambiwa hivyo mwishoni. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia. Kwa hivyo ukiandikia chuo, swali lako la kwanza liwe hili: nikimaliza, mtanipendekeza kwa leseni, na ni leseni ya ulemavu gani?

Nasema ulemavu gani kwa sababu Minnesota leseni zimegawanywa: usonji mbali, viziwi mbali, wasioona mbali, matatizo ya hisia na tabia mbali. Majimbo mengine hutoa moja pana. Mitihani nayo hutofautiana. Majimbo mengi hutumia Praxis, Massachusetts wana wao, Texas wana wao. New York watakupa cheti cha mwanzo, kisha wakutake uzamili ndani ya miaka mitano. Alama za vidole huchukuliwa karibu kila mahali. Na yule mwenzenu aliyesema anajua lugha ya ishara, ajue kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa mpaka kwenye Katiba yetu ya 2010, si hii ya Marekani. Itambidi ajifunze nyingine.

Kosi zenyewe kwa kawaida ni krediti 30 hadi 36, zaidi kidogo kama kuna leseni ndani yake: sheria, kupima watoto, kusoma na kuandika, tabia, kufanya kazi na wazazi, kisha mafunzo ya vitendo darasani. Mtu akikuuzia uzamili wa mtandaoni wa bei nafuu, jua kwamba kwa F-1 huhesabiwa kosi moja tu ya mtandaoni kwa muhula katika mzigo wako wa lazima. Wa mtandaoni mtupu haukupi viza. Na kazi utakayoruhusiwa ukisoma ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki. Hiyo hulipa chakula na simu. Karo haiigusi, na ubalozi utataka kuona pesa za mwaka wa kwanza kabla ya kukupa muhuri.

Kuna njia nyingine ambayo walimu wetu huisahau: viza ya J-1 ya walimu wa kubadilishana. Wanataka shahada na angalau miaka miwili ya kufundisha, na unakuja kwa hadi miaka mitatu kufundisha moja kwa moja, ukiwa unalipwa mshahara wa mwalimu. Kwa mtu mwenye B.Ed. ya elimu maalum kutoka Kenyatta au Maseno, mimi ningeijaribu hiyo kwanza kabla ya kuuza shamba la mzee.

Mshahara? Wa kati kwa nchi nzima ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kabla ya makato. Ukizibadilisha kuwa shilingi utarukwa na akili, basi usizibadilishe. Kodi ya nyumba, gari na bima utalipa kwa dola.

Na kazi yenyewe. Tangu sheria ya 1975, kila mtoto mwenye ulemavu hapa ana haki ya kusomeshwa bure shule ya serikali, na kila mmoja ana IEP yake, mpango ulioandikwa, unaopitiwa angalau mara moja kwa mwaka mzazi akiwa mezani. Ni jambo zuri, nililitamani sana nilipokuwa nafundisha Mombasa. Ila anayeandika ni wewe. Nina watoto wachache na wasaidizi wawili, na bado nabeba makaratasi nyumbani Ijumaa. Mtoto akiniuma mkono, kwanza namtuliza, kisha najaza fomu. Vijana wakubwa wengine twawabadilisha nepi. Kama hilo linakutia kinyaa, afadhali ulijue ukiwa bado Changamwe. Kikao kinaweza kwenda saa mbili na mkalimani, mama Msomali amenyamaza muda wote, halafu anapofunga begi lake auliza, "Atazungumza lini?" Hakuna chuo kilichonifundisha cha kumjibu. Namjibu kwa ukweli, kwamba sijui, kisha namwonyesha kile mtoto wake anachoweza kuomba kwa picha sasa hivi.

La mwisho ni la nyumbani kwako, mwanangu, na wenzako walio na familia. Mume na watoto waweza kuja nawe kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi. Watoto wataingia shule. Mume haruhusiwi kufanya kazi, hata ya kuosha vyombo. Basi kabla ya kuandikia chuo chochote, kaa naye umuulize kama ataweza miaka miwili ya kupika na kusubiri basi la watoto kwenye theluji ilhali wewe uko maktaba. Akikubali, nitumie transkripti niitazame.