Boti ndogo ibebe nini?
Umeuliza boti ndogo ya matembezi ibebe nini zaidi ya sanduku la vinywaji. Kwanza jaketi okozi, moja kwa kila kichwa na linalomkaa mvaaji. La mtu mzima humvuka mtoto akiingia majini. Na livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Kinachodharauliwa ni nanga. Injini ikizima, hiyo ndiyo breki yako. Kamba yake iwe ndefu mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, ikiwa fupi nanga itaburuzwa tu. Ongeza kasia, na ndoo ya kutolea maji, maana pampu hufa pamoja na betri.

Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, si nyuma ya tangi la petroli. Halafu filimbi, tochi, fataki za ishara (angalia tarehe ya kuisha), sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa. Simu hupoteza mtandao. Redio ya VHF (ya mawasiliano ya vyombo vya majini), chaneli 16, ndiyo ya dharura.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.

Ah, na nguruzi ya ziada, kile kizibo cha tundu la kutolea maji botini! Nimewahi kushusha boti majini tundu likiwa wazi. Miguu ndiyo iliyonipa habari.